Sare ya Meza ya Kumi na Nne

Nianze na gharama, maana najua nusu yenu mtaishia hapo. Safari yote imenila mbuzi wanne, mwezi mzima wa harusi duka likiwa limefungwa, na chupa moja ya asali ya Itigi iliyobaki kwa wakaguzi wa mizigo. Nimehesabu mara mbili, haipungui. Tiketi ya meli sijaiweka humo kwa sababu alitoa Elia, na mtoto akikupa kitu humuulizi bei. Nilimuuliza. Akakataa kusema.

Kama maandishi haya yamekufikia kwa mkono wa mtu mwingine, mimi ndiye Mama Suti wa Manyoni, nakodisha suti na magauni ya harusi jirani na stendi. Elia ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, nimemlea mimi, na sasa ni msimamizi wa ukumbi wa chakula kwenye meli ya starehe, zile zinazozunguka bahari zimebeba wazee wenye pesa. Mmeniuliza mmoja mmoja yaliyotokea, na kila nikisimulia nasikia kesho yake mtaani yameongezeka. Sasa nayaandika, tusikosane.

Manyoni hadi Dodoma: gauni lina kiti?

Siku chache kabla sijaondoka Elia alinipigia simu.

"Mama mkubwa, humo melini usiku rasmi utakuwa mara mbili. Beba gauni refu."

"Sare rangi gani?"

"Hakuna sare. Kila mtu anavaa la kwake, mradi liwe rasmi."

"Sherehe ya nani hiyo isiyo na sare?"

"Si sherehe ya mtu. Ni chakula cha jioni tu."

Sikumwamini. Mimi nimevalisha harusi, vipaimara na uzinduzi wa matrekta, na sijaona watu wakiambiwa wavae vizuri bila kamati kukaa na kupitisha rangi. Nikajua mtoto ameishi mbali sana, amesahau kuuliza.

Nilibeba gauni langu la mahameli ya zambarau, nikalishika mapajani ndani ya nailoni lisijikunje. Kondakta akaja, akalitazama, akanitazama.

"Mama, huyu naye analipa."

"Huyu hana miguu."

"Amekaa lakini."

"Amekaa juu yangu. Ukimtoza yeye, basi mimi ni kiti, na kiti hakilipi nauli."

Abiria wakacheka, kondakta akapita. Tulipovuka Kintinku mkanda wa injini ukakatika, tukashuka wote tukakaa pembeni ya barabara mpaka gari lipate mkanda mwingine. Mama mmoja akaja na karanga za kuchemsha, nikapunguziwa bei, nikagawia waliokaa karibu. Mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa anakwenda Bahi akaniuliza bibi harusi ni nani. Nikamwambia hakuna, nakwenda kula chakula cha jioni. Akasema kwa huruma, "Pole sana, mama." Alidhani naficha msiba.

Dodoma hadi Dar, kisha Unguja

Treni ya umeme sitaiongelea sana, mnaipanda nanyi. Nililitundika gauni kwenye ndoano na halikutikisika mpaka Dar. Nikakaa nalitazama kama mgonjwa aliyepona ghafla.

Boti ya Unguja ilikuwa habari nyingine. Nilitapika karanga zote za Kintinku, na wa pembeni yangu akatapika chake, tukawa marafiki. Pale Forodhani nikamwambia muuza urojo, "Nipe bakuli moja." Akanitazama kwa upole wa watu wa kule.

"Bibi, karibu. Huku tunasema naomba."

"Kwani si nakulipa?"

"Utalipa, inshallah. Lakini kwanza omba."

Nikaomba. Nikaupata urojo wenye bajia, viazi na kachori, mchachu mpaka masikio yakazibuka. Bei hakupunguza hata kidogo, na aliikataa kwa maneno mazuri kiasi kwamba nilimshukuru. Nimejifunza kitu pale. Bado sijaamua kama nitakitumia dukani.

Kupanda meli

Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kikubwa kama boti, ila kikubwa zaidi. Sivyo. Chukueni ile miamba mikubwa tunayoipita tukiingia Singida mjini, ipakeni rangi nyeupe, toboeni madirisha, halafu iwekeni majini ielee. Nilisimama chini yake na sanduku langu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuona pa kuanzia kupatana bei.

Asali moja ilibaki pale ukaguzi, ya pili nilikuwa nimeizungushia khanga. Elia akaja kunipokea. Amevaa suti nyeusi, viatu vinavyong'aa mpaka unajiona.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Hili koti nani kakupimia? Bega la kushoto limeshuka."

"Karibu melini," akasema, na macho yake yakawa na maji. Yangu pia, ila mimi nilikuwa na sababu ya upepo.

Jioni hiyo, akiwa amemaliza zamu, alinieleza jambo ambalo liliniharibia usingizi. Wakubwa wa meli wanataka kuufuta usiku rasmi. Abiria vijana wanalalamika kwamba suti na magauni yanawachosha, wamekuja kupumzika. Kwa hiyo safari hii ni ya majaribio. Usiku rasmi wa pili ukumbi usipojaa, basi, haufanyiki tena.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi napelekwa sitaha ya juu, kwenye chakula cha kujipakulia. Nitavaa fulana yenye picha ya kaa."

"Mshahara si uleule?"

"Uleule. Lakini mama mkubwa, pale mlangoni mimi nimeshamrudisha mtu mwenye viwanda. Nikamwambia, bwana, samahani, karudi ukavae. Akarudi, akavaa, akaja kunishika mkono. Nikihamishwa pale, haya niliyojifunza hayana tena mahali pa kufanyika."

Nikamwambia hilo si neno, ukumbi utajaa. Nilisema tu. Nilikuwa sijauona.

Usiku rasmi wa kwanza

Jioni yenyewe ilipofika, Elia alinipitisha kwanza kwenye chumba kidogo kando ya ukumbi. Wazee wa kiume walikuwa wamejipanga mstari, suti nyeusi, mashati meupe, tai za kipepeo zikining'inia shingoni hazijafungwa. Mikono yao inatetemeka, haiwezi tena fundo. Kila mmoja akifika mbele, anainua kidevu kama mtoto anayefungwa vifungo vya shule, Elia anafunga tai, anaigusa mara moja kuiweka sawa, anasema jina la mzee. Mzee anatoka hapo amenyooka. Nilimhesabu mzee mmoja mara mbili kwa sababu alipoingia na alipotoka hakuwa mtu yuleyule.

Kisha milango ikafunguliwa.

Jamani. Mimi naishi na magauni. Nimeyaona yakitoka kwenye balo la mitumba yakiwa yamejikunja kama matambara, nimeyaona yakirudi baada ya harusi yana madoa ya pilau. Sikuwahi kuyaona yanashuka ngazi. Kulikuwa na ngazi pana ya kuzunguka, na watu walikuwa wanaishuka wawili wawili, polepole, kwa sababu ya miaka na kwa sababu ya heshima, na huwezi kujua ni kipi kilichozidi. Mwanamke wa karibu miaka tisini, gauni jeusi, glavu mpaka viwikoni. Mzee kwenye kiti cha magurudumu, medali kifuani, amepigiwa pasi mpaka soksi. Nje madirishani ilikuwa bahari tupu, giza, hakuna hata taa moja ya mtu wa kuwaona. Wamevaa kwa ajili ya wao kwa wao.

"Elia, nani anaolewa?"

"Hakuna."

Nikauliza tena baadaye kidogo, labda hakunisikia. "Nani anaolewa?"

"Mama mkubwa, hakuna anayeolewa. Wanavaa kwa sababu ni jioni."

Nililitafakari hilo nikiwa nimesimama. Kwetu mtu havai hivyo mpaka awepo bibi harusi au askofu. Hawa walikuwa wanaivalia jioni, kitu kinachokuja kila siku bila kadi.

Nikapelekwa meza ya kumi na nne. Sahani kubwa kama ungo, na chakula katikati kiasi cha dawa, visu na uma vimepangwa pande zote kama duka la vifaa. Mlenda hapo ungehitaji kibali. Jirani yangu alikuwa Bi Dorothi, mjane, mwembamba, amevaa gauni la kijani la hariri lenye vifungo vya lulu mgongoni, kazi ambayo ukiiona unataka kuvua kofia. Nikamwonyesha dole gumba. Akatabasamu. Tukawa sawa.

Hapo akaingia Bi Helga, mgeni wa meza yetu aliyechelewa. Amevaa gauni la kijani la hariri, lenye vifungo vya lulu mgongoni.

Lilelile.

Meza ikanyamaza, kisha meza ya pili, kisha ukumbi. Mimi nikafurahi mpaka nikasimama. Nikasema moyoni, kumbe! Kumbe sare ipo, ila wamekaa kamati ya watu wawili! Nikapiga vigelegele. Si vya mdomoni tu, vile vya nyumbani, vya kupokea mahari. Nikawashika mikono wote wawili, nikawasimamisha bega kwa bega, nikamwita mpiga picha wa meli aje upesi.

Picha ipo. Mimi ndiye pekee ninayecheka.

Bi Dorothi akautoa mkono wake mkononi mwangu taratibu, akaondoka. Bi Helga akatoka kwa mlango mwingine. Rafiki zao wakawafuata, na waliokuwa karibu nao wakaona aibu kuendelea kula. Nilibaki meza ya kumi na nne peke yangu na mkate wote.

Elia akanijia uso umempauka. "Mama mkubwa, umefanya nini?"

"Nimewapongeza. Sare imewatoka vizuri."

"Kwao mwanamke akikutana na mwenye gauni kama lake ni balaa. Ni kama kuvuliwa nguo."

"Wewe! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningejuaje kwamba utapiga vigelegele?"

Hapo alinipata.

Siku ya bahari tupu

Kesho yake habari zilikuwa zimezunguka meli nzima. Elia aliniambia watu wa meza tano hivi wamesema usiku wa pili watakula juu, kwenye kujipakulia. Ukumbi hautajaa. Hakunilaumu, na hiyo ndiyo iliyonikata. Angefoka ningemjibu.

Nikachukua asali iliyosalia, nikamwambia, "Twende kwa Bi Dorothi. Wewe utatafsiri."

Alitufungulia akiwa na gauni la kulalia na lulu masikioni. Nikampa asali. Nikaomba radhi, na safari hii nilianza na naomba. Akatuketisha. Akasema gauni lile alilinunua na mumewe, akataja na bei, na dukani wakaambiwa ni moja tu, halina mwenzake duniani. Tangu mume afe hulivaa kila safari, ili angalau kitu kimoja kibaki kama kilivyokuwa.

Nikashusha pumzi. "Elia, mwambie hivi: hakuna gauni moja duniani. Mimi ni mtu wa duka. 'Imebaki hiyo tu' nayasema kabla sijanywa chai."

Elia akasita, akatafsiri. Bi Dorothi akanitazama, kisha akaanza kucheka na akajishangaa anacheka. Akaomba Bi Helga aitwe. Bi Helga akaja na uso wa kwenda polisi, akasikia, akasema naye aliambiwa hivyohivyo. Wote wawili wakamgeukia muuza duka ambaye hayupo. Mambo yakawa mazuri, mpaka Bi Helga akaanza kutaja alilinunua kwa bei gani, na mimi namba za Kiingereza nazijua. Nikasikia mwanzo wa namba, nikajua inakwenda kuwa nusu ya ile aliyoitaja Bi Dorothi.

"Elia, kohoa," nikasema.

"Nini?"

"Kohoa, mwanangu, kwa nguvu."

Akakohoa. Bei ikapita bila kusikika.

Kisha Bi Dorothi akauliza jambo la maana. Akataka kujua kwa nini nilifurahi vile, kwa sababu aliona usoni kwangu kwamba haukuwa utani. Nikamweleza sare. Nikasema kwetu huvai nguo moja na mtu ila awe wako. Nikasema mdogo wangu alipofariki, sisi wa nyumba ile tulivaa kitenge kimoja, kahawia chenye majani, ili kila aliyeingia uani ajue bila kuuliza ni akina nani wa kupewa pole.

Elia alitafsiri mpaka kwenye majani, akakwama. Ni mama yake. Naye Elia alikuwa amevaa shati la kitenge hicho siku ile, lilikuwa linamfika magotini. Tukamsubiri. Akamalizia kwa sauti ndogo.

Bi Dorothi akasema tangu apande meli hii bila mumewe watu wanampita kwa kumtabasamia tu, hawajui waseme nini, na hawajui kama ndiye wa kupewa pole.

Bi Helga alikwenda, akamfunga kifungo cha shingoni kilichokuwa kimefunguka. Tukawaacha.

Usiku rasmi wa pili

Nilikaa meza ya kumi na nne mapema, mikono mapajani, nimejiapiza kutofungua mdomo hata kwa chakula. Ukumbi ulikuwa nusu. Elia amesimama mlangoni wima kama mlingoti, hatazami ndani.

Halafu nikasikia ngazi imenyamaza. Bi Dorothi na Bi Helga walikuwa wanashuka, wameshikana mikono, hariri ya kijani na hariri ya kijani, lulu na lulu. Sijui niwaeleze vipi. Kile kilichokuwa aibu juzi kilikuwa kinatembea kimeinua kichwa. Wale wazee wa tai wakasimama mmoja mmoja. Mwenye kiti cha magurudumu hakuweza, akaweka mkono kifuani juu ya medali. Bi Helga akawa anaeleza maana ya sare hiyo kila meza waliyoipita, na watu wakaanza kuwaendea, wakimshika Bi Dorothi mkono, wakimwambia maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Nimeyasema mara nyingi mno kwenye nyua za watu.

Alipofika mezani akanitazama, akainua nyusi, kama mtu anayesubiri kitu kilichochelewa.

"Anasema, je, leo hupigi?" Elia akaninong'oneza.

Nilipiga. Jamani, nilipiga mpaka glasi zikaitika.

Waliokuwa juu wakateremka kuona kuna nini. Elia akawasimamisha mlangoni, wote, bila kupepesa: mabwana, samahani, karudini mkavae. Na wakarudi! Wasio na suti wakaazimana, kijana mmoja akaja na koti la babu yake lenye mikono mifupi. Ukumbi ukajaa mpaka zikaongezwa meza. Nahodha mwenyewe akashuka, akamwambia Elia mbele ya watu kwamba usiku rasmi unabaki. Mtoto akaitika kwa kichwa tu, kikazi, kisha akaingia kile chumba kidogo akafunga mlango. Nilimpa muda.

Nimekaa kwenye harusi nyingi. Sijawahi kukaa mahali ambapo watu wazima mia kadhaa, katikati ya maji, bila bibi harusi, walikuwa wazuri kiasi kile, na hakuna wawili waliofanana ila hao wawili.

Durban, na nyumbani

Niliteremkia Durban, nikarudi kwa ndege mpaka Dar, na kutoka hapo mnajua njia. Manyoni nilikuta vumbi kwenye suti na barua ya mwenye fremu ya duka, anadai kodi.

Ningekomea hapo ningekuwa nimerudi na ushindi. Ila Elia amenipigia juzi, na sauti yake siyo ile. Abiria wa safari yetu wamejiandikisha tayari kwa safari ya mwakani, na wanataka wote, ukumbi mzima, wavae kijani. Bi Dorothi ndiye katibu. Wakubwa wa meli wamelipenda wazo kuliko kitu chochote: duka la meli litauza mashati ya kijani, hakuna suti, hakuna tai, hakuna wa kurudishwa mlangoni. Usiku rasmi utapisha usiku wa sare. Elia ameshapimiwa fulana.

"Mama mkubwa," akaniambia, "wanasubiri neno lako tu. Wamekuweka mwenyekiti."

Na Bi Dorothi ameniandikia kwa mkono wake, ana furaha ambayo sijui nitaigusia wapi, anauliza ni kijani kipi, cha majani au cha hariri.

Sasa nawauliza ninyi, mliokaa kwenye kamati nyingi kuliko mimi, na mnijibu kabla ya mwezi kuisha. Nimjibu nini yule mama nisimvunje moyo, na kijana wangu abaki mlangoni kwake? Kuna yeyote kati yenu aliyewahi kufuta sare kamati ikishaipitisha, na bado watu wakamsalimia?